Nyuma ya Ukuta wa Bustani

Kaeni, wanangu. Wewe wa kwanza, vuta hicho kigoda ukae karibu na sikio langu la kulia, maana la kushoto limeshafunga duka. Na wewe Kimbelembele, acha kusimama mlangoni kama askari wa benki, ingia ndani, zima hiyo simu, hao wanunuzi wako wa kiwanja watasubiri. Mdogo wangu, wewe kaa hapo hapo miguuni pangu, uendelee kunikanda hivyo vidole hata kama sivisikii. Daktari amesema ganzi hii ilianzia kwenye nyayo, ikapanda magotini, sasa iko kiunoni, na ikifika kifuani tutaagana. Alisema kwa upole, akidhani nitashtuka, nami nikamwuliza tu kama itasubiri mpaka nyinyi wawili mfike. Imesubiri. Basi tusiipotezee muda.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki kuumbuliwa na kifo mbele ya wageni wa matanga. Afadhali nijiumbue mwenyewe mbele yenu. Mtanisikiliza mpaka mwisho. Atakayetaka kulia alie, atakayetaka kunitukana anitukane, ila anisubiri nimalize, kwa sababu nikikatizwa sina hakika kama nitaweza kuanza tena.

Nianze na vitu, maana najua vitu ndivyo vinavyowagombanisha ndugu kabla udongo haujakauka. Nyumba hii ni yenu nyote wawili, na mama yenu mdogo ataishi humu mpaka atakapotaka mwenyewe kuondoka, wala asitokee mtu wa kumwuliza atakaa mpaka lini. Yeye ndiye aliyewaogesha, aliyewalisha, aliyetia sahihi ripoti zenu za shule huku mimi nikiwa njiani, na siku zote alipoulizwa na walimu kama yeye ndiye mzazi alijibu, "Leo ndiye mimi." Studio ya baba yenu, na kile kiti chake cha kuzunguka, na pazia la buluu, na kioo, na kitana kilichofungwa kamba ili wateja wasikiibe, namwachia Kimbelembele, ambaye ana mdomo wa kumchekesha hata mtu aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho akiwa na jino linamuuma. Kamera zangu tatu, lenzi zake, stendi ya miguu mitatu yenye mguu mmoja uliofungwa waya, pamoja na makabati yote ya filamu, nakuachia wewe wa kwanza. Najua huzipendi. Nakupa kwa sababu wewe ni mtu usiyetupa kitu kabla ya kukiangalia, na ukiviangalia utakuta ushahidi wa haya ninayokwenda kuyasema.

Kiwanja cha nyuma nitakifikia. Tulia, Kimbelembele. Nimesema nitakifikia.

Kazi yangu mnaijua kwa pengo lake mezani. Mimi nilipiga picha za nchi. Sikupiga maharusi, sikupiga mahafali. Nilipiga mabonde asubuhi mvua ikiwa imetoka kukatika, mashamba yaliyolimwa kwa mistari mpaka jicho linachoka kuifuata, barabara za vumbi zinazopanda kilima na kupotelea huko, pwani zenye mawe meusi, minara ya taa, na zile bustani za kale ambazo matajiri wa zamani walizizungushia kuta na kuzichimbia mabwawa ili wapate mahali pa kutembea peke yao. Nusu ya kalenda zilizotundikwa kwenye maofisi ya miaka ile zilikuwa zangu. Baba yenu alipiga nyuso, mimi nikapiga ardhi, naye alizoea kunitania kwamba nimejichagulia wateja wazuri, maana mlima haufumbi macho na mto haulalamiki kwamba picha imeutoa mnene.

Lakini siri ya kazi ile, wanangu, ni kuondoa. Mtu akiitazama picha ya bonde tupu hudhani bonde lilikuwa tupu. Halikuwa. Kulikuwa na baiskeli imeegemezwa mtini, kulikuwa na nguo zimeanikwa, kulikuwa na mwanamke ameinama anang'oa magugu, na mimi nikaenda kwa adabu zote nikasema, "Samahani, naomba usogee kidogo." Maneno hayo, sogea kidogo, nimeyasema maishani mwangu kuliko nilivyowahi kuwaambia nyinyi njooni.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo nilipowaitia.

Mwaka ule wewe wa kwanza ulikuwa na miaka tisa na huyu Kimbelembele alikuwa na sita. Mchapishaji mmoja alitaka kitabu cha bustani za kale, na bustani ya mwisho katika orodha yake ilikuwa mbali, mwendo wa siku mbili kwa basi na nusu siku kwa gari la kukodi. Ilijengwa juu ya kilima, daraja baada ya daraja kama ngazi za jitu, kila daraja na ukuta wake wa mawe, na katikati ilipita njia ndefu yenye ua wa michongoma pande zote mbili, umekatwa ukanyooka kama meza, mpaka kwenye bwawa la mawe ambalo maji yake yalitulia tuli. Bustani nzima ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, mwanamume mfupi, mkavu, wa makamo, mwenye kofia ya majani iliyochanika ukingo, ambaye wageni na wenyeji walimwita Makasi kwa sababu makasi yake ya kukatia michongoma hayakuwahi kutoka mkononi. Mkewe alikuwa amefariki. Alikaa na binti yake wa miaka kumi na saba katika vyumba viwili vya langoni, walivyopewa kwa sababu ya kazi.

Nilikaa pale siku nne nikisubiri ukungu. Siku zote hizo Makasi aliniletea chai ya asubuhi bila kuombwa, akanieleza jua linafika bwawani saa ngapi, na akanionyesha kichaka kimoja kilichokuwa kaidi, ambacho alikuwa amekipigania miaka sita mpaka kikakubali kunyooka. "Huyu," aliniambia, "ana kichwa kigumu kuliko shemeji yangu." Nilicheka. Nawaambia hili ili mjue kwamba siku zile nilikuwa bado nacheka.

Siku ya tano ukungu ukaja. Ukashuka kwenye madaraja yote, ukakaa juu ya bwawa, na jua likaanza kuupenya kwa chini, rangi ambayo sijaiona tena. Nilijua nina dakika tano, pengine nne. Nikaweka jicho kwenye kamera, na katikati ya njia akapita Makasi na toroli lake.

"Mzee, naomba usogee kidogo, unaingia kwenye picha."

Akasogeza toroli, akachuchumaa nyuma ya michongoma. Nikatazama, nikaona kofia.

"Bado nakuona."

"Niende wapi tena, mama, na bustani yote umeibeba humo?"

"Panda ule ukuta, ukae upande wa pili."

"Ukuta huo tumekatazwa kuupanda. Mawe yake yamelegea."

"Dakika mbili tu, mzee. Mwanga huu haunisubiri."

Akapanda. Alipanda kwa sababu nilimwomba, na kwa sababu tulikuwa tumeusubiri ukungu ule pamoja siku nne, naye aliitaka picha ile kama nilivyoitaka mimi. Nikaona ukingo wa kofia bado umechomoza. Sikuinua uso wangu kutoka kwenye kamera. Nikasema, "Rudi nyuma kidogo." Akarudi.

Nilisikia kishindo, kama gunia linaposhushwa kutoka kwenye lori. Ukelele sikuusikia. Kofia haikuonekana tena, na ndani ya kioo cha kamera bustani ilikuwa tupu, imetulia, mwanga umekaa pale pale nilipoutaka.

Nitalisema hili polepole, msije mkadai baadaye kwamba mama alikuwa anaweweseka. Nilisikia. Nilijua ni nini. Na nikabonyeza. Nikasogeza filamu, nikabonyeza mara ya pili, ndege akapita akaniharibia, nikasogeza tena, nikabonyeza mara ya tatu. Baada ya hapo ndipo nilipoiacha kamera nikakimbia.

Ile picha iliyo sebuleni, ile iliyotoka kwenye jalada la kitabu, ile mliyokuwa mkiwaonyesha wenzenu mkisema mama yetu ndiye aliyeipiga, ni hiyo ya tatu. Wakati ule ninaipiga, mtu amelala upande wa pili wa ukuta.

Alikuwa ameangukia kwenye mfereji wa mawe, kimo cha watu wawili, nyonga imevunjika, mguu umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii. Alikuwa na fahamu zake. Alinitazama tu akasema, "Umeipata?" Nikasema, "Nimeipata." Binti yake akaja mbio, na watu wa jikoni, na mwisho akaja msimamizi wa bustani, mtu wa viatu safi, aliyesimama juu ya mfereji bila kushuka.

"Nani alikutuma juu ya ukuta?" akamwuliza.

Makasi alinigeukia, akanitazama. Wanangu, nimetazama vitu vingi kwa muda mrefu maishani, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, lakini sijawahi kutazamwa hivyo. Hakunisihi, hakunitisha. Alininyamazia tu, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango ili apite. Nami sikupita. Nilitazama viatu vya msimamizi.

"Hakuna aliyenituma," Makasi akasema. "Nilipanda mwenyewe."

Msimamizi akaandika. Mwezi haukuisha, Makasi akaachishwa kazi kwa kosa la kuvunja kanuni, na kwa kuwa vyumba vya langoni vilikuwa vya kazi, yeye na binti yake wakatolewa, mtu akiwa bado amelala na nyonga imefungwa mbao. Hayo niliyapata kwenye barua ya mpishi wa pale. Niliisoma jikoni, hapo hapo mnapokulia ugali, nikaikunja, nikaitia ndani ya kabati la filamu, droo ya chini. Bado imo.

Baba yenu sikumwambia. Aliisafisha filamu ile yeye mwenyewe chini ya taa nyekundu, na picha ya tatu ilipoanza kutokea kwenye maji ya dawa akaanza kupiga makofi peke yake mle chumbani. "Mke wangu," akasema, "hii ndiyo yenyewe." Nikamwambia asante.

Tangu hapo sijui niwaeleze vipi. Msidhani niliteseka. Ningeteseka ingekuwa nafuu, na pengine mateso yangenirudisha kule nikaseme kweli. Nilikula, nililala, nilifanya kazi vizuri kuliko mwanzo. Wewe wa kwanza ulilazwa na homa mwaka uliofuata, ukabadilika rangi, mama yenu mdogo akawa analia kwenye varanda, nami nilikaa kando ya kitanda chako nikisoma maandishi kwenye chupa ya dripu. Nilijua kwamba napaswa kuogopa, kama mtu anavyojua kwamba leo ni Jumanne. Watu wakasema mama huyu ni jasiri. Kumbe hapakuwa na mtu ndani wa kuogopa.

Nikazidi kusafiri. Kadiri nilivyosafiri ndivyo nilivyowatafuta watu wachache zaidi, mpaka mwisho nikawa napiga pwani zile za mbali ambako hakuna wa kumwambia asogee. Na ndiko nilikokuwa baba yenu alipofariki.

Hili mnalijua kwa upande wenu. Sasa lijueni kwa upande wangu. Nilikuwa kwenye miamba, nasubiri maji yatoke ili mawe yaonekane. Mama mwenye nyumba ya wageni niliyofikia akaja anahema, ameshika viatu mkononi. "Mama," akasema, "umepigiwa simu kutoka kwenu. Mzee wako amefariki asubuhi, moyo umesimama akiwa studio." Nikamshukuru. Halafu nikamwuliza maji yanatoka saa ngapi. Yule mama akanitazama, akarudi nyuma hatua mbili, akaondoka bila kuvaa viatu vyake. Nikasubiri maji yatoke. Nikapiga. Nikafunga vitu vyangu, nikapanda basi la kesho yake, na nilipofika hapa kaburi lilikuwa limeshafukiwa na majani ya juu yameanza kunyauka.

Wewe wa kwanza ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulikuwa umekaa kwenye ngazi za mbele. Uliniuliza swali moja tu: "Picha umeipata?" Nikakujibu, "Nimeipata." Tangu siku ile hujawahi kuniita mama mbele za watu, unasema "yeye" au "bibi wa watoto wangu", na mimi sijawahi kukulaumu, kwa sababu mwenye kovu usidhani kapoa. Ila hukujua, mwanangu, kwamba swali lile nilikuwa nimeshaulizwa na mtu mwingine, na jibu lilikuwa lile lile.

Nipe maji. Kidogo tu. Basi.

Miaka minne baada ya msiba huo mchapishaji akataka kutoa kitabu upya, akanituma kule kilimani tena. Bustani ilikuwa bado nzuri, ila michongoma imekatwa na mtu mwenye haraka. Langoni wameweka bango kubwa, na kwenye bango picha yangu. Mlinzi akaniambia kwamba Makasi hajaenda mbali, anaishi na binti yake chini kwenye kona ya barabara, wanauza miche ya miti na maua kwenye makopo. Nikashuka kwa miguu.

Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajaza udongo kwenye makopo, mkongojo umelazwa pembeni. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Nilijua utakuja," akasema. "Ila sikujua itachukua miaka kumi na mmoja."

"Nimekuja kuomba radhi, mzee."

"Kaa kwanza. Radhi haiombwi mtu amesimama."

Nikakaa chini. Akaendelea kujaza udongo, kopo moja, la pili, kisha akasema, "Jambo moja nataka kulijua. Ile picha uliipiga kabla sijaanguka, au baada?"

Ningeweza kudanganya. Asingejua kamwe. Nikasema, "Baada."

Akaweka kopo chini. Halafu akaomba kuiona, nami nilikuwa na kitabu kwenye mkoba, nikamfungulia. Akaipangusa mikono kwenye suruali, akakipokea, akaitazama picha muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuitazama. "Huyu mkaidi," akasema, akionyesha kichaka kimoja, "angalia alivyonyooka." Kisha kidole chake kikaenda kwenye ukuta, kikasimama. "Na mimi niko hapa."

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza. "Kwa nini ulimwambia ulipanda mwenyewe?"

"Nilikuachia wewe useme," akanijibu. "Mimi ni mtunza bustani, wewe ni mgeni aliyekaribishwa na kamati ya bustani. Ningesema mimi, ningekuwa mwongo. Ungesema wewe, ingekuwa kweli." Wala hakupandisha sauti. "Bado unaweza. Panda hapo juu ofisini, waambie waandike kilichotokea. Vyumba sivitaki tena. Nataka tu daftari lao lisiseme nilifukuzwa kwa ukaidi, maana binti yangu aliomba kazi pale mara mbili, na mara zote mbili walifungua daftari."

Nikamwahidi. Nikapanda kilima. Msimamizi wa zamani alikuwa amestaafu, ofisini palikuwa na kijana mpole aliyenikaribisha kiti, akafurahi kukutana na mwenye picha ya bango, akaniomba nimtilie sahihi kwenye kitabu chake. Nikatia sahihi. Nikanywa soda yake. Nikatoka. Msiniulize kwa nini, nimejiuliza mwenyewe miaka hii yote. Hapakuwa na hofu, hapakuwa na aibu, ingekuwepo hata moja ningeishika ikaniongoza. Ulimi ulilala tu. Nilishuka kwa njia ya upande wa pili ili nisipite pale kwenye kona.

Aliishi miaka minne baada ya hapo. Sijui alisubiri mpaka lini.

Binti yake bado yuko. Sasa ni mama mtu mzima, ana wajukuu. Mwaka juzi, kabla miguu haijaniacha, nilikwenda. Hakunijua. Alinihudumia kama mteja yeyote, akanichagulia mche, akanifundisha kuumwagilia maji. Nikamwuliza habari za baba yake. Akasema, "Alikuwa mtu mwema, ila mbishi. Alipanda ukuta aliokatazwa, akatuponza sote." Wanangu, hicho ndicho anachokijua kuhusu baba yake. Akaniambia pia kwamba barabara inapanuliwa na wamepewa notisi ya kuondoa miche yote kando ya njia, naye hana mahali pa kuipeleka. Nikabeba mche wangu nikaondoka. Mara ya tatu hiyo sikusema.

Sasa nakifikia kiwanja, Kimbelembele.

Kile kiwanja ni cha binti wa Makasi, ahamishie miche yake hapo au akiuze, shauri yake. Nimekwenda kwa wakili na karatasi zimeandikwa, lakini wakili ni mtu mkweli, ameniambia kwamba mkisimama nyinyi wawili kuzipinga mnaweza kuzivunja, hasa kwa kuwa mmoja wenu ameshamtembeza mnunuzi mpaka kwenye mipaka. Basi sitegemei karatasi. Nawategemea nyinyi. Usinitazame hivyo, mwanangu. Najua ulikuwa umekipigia mahesabu, najua nilikwambia zamani kwamba kitakuwa chako, na nilikwambia kweli, na leo nakunyang'anya, na unayo haki ya kukasirika. Kasirika. Lakini ujue kwamba kiwanja kile nilikinunua kwa picha ile.

Na msimpe kiwanja kabla ya barua. Kiwanja bila barua ni hongo. Ziko barua mbili, ziko ndani ya droo ile ile ya chini, pamoja na barua ya mpishi na kipande cha filamu chenye zile picha tatu. Moja ni ya kamati ya bustani, nimeandika yote kama nilivyowaambia, saa, ukuta, maneno niliyomwambia, na nimewataka wasahihishe daftari. Ya pili ni ya huyo binti wa Makasi. Zisipelekwe na posta. Zibebwe kwa mkono. Anayezibeba akae chini, asubiri mwenyewe amalize kusoma, na kama atasema neno baya juu yangu, asinitetee. Hata nusu neno.

Picha ya sebuleni msiichome. Makasi aliipenda. Ila chini yake liandikwe jina la Makasi, lile jina lake kamili lililo kwenye barua, na iandikwe kwamba yeye ndiye aliyeilea bustani hiyo na kwamba yuko nyuma ya ukuta. Langu liacheni au lifuteni, vyovyote.

Nani atakwenda?

Mdogo wangu, usilie hivyo, unanitikisa kitanda. Wewe umeshabeba vya kwangu vya kutosha, hutabeba na hiki.

Kimbelembele... mwanangu, leo huna la kusema? Haya. Bora kimya kuliko ahadi. Nami niliahidi, mmeona.

Umesema nini, wewe wa kwanza? Inama. Rudia.

Utakwenda. Na utakwenda lini... Ijumaa. Shule ya wanao ikifungwa. Sawa. Huko kuna baridi asubuhi, chukua sweta. Naona nimekwambia jambo ambalo mama huambia mtoto, sijui nimelichukua wapi. Usinisamehe kwa ajili ya hili. Sikusimulia ili nisamehewe. Nenda tu.

Naona pumzi inafupika. Sikilizeni ya mwisho. Nizikeni kesho, msisubiri watu wa mbali, msimpigie simu mtu wa magazeti. Kama mvua itanyesha, inyeshe. Kaburi langu lisiwe karibu na la baba yenu... yeye nilimchelewea mara moja, sitaki ahisi tena kwamba... hapana. Hapana, liwe karibu. Yeye angependa liwe karibu. Amueni nyinyi.

Msigombane. Mkigombana, mmoja aanze kusema kweli, hata kama inamharibia. Asisubiri. Hilo tu ndilo ninalolijua.

Mungu awape macho ya kumwona mtu akiwa mbele yenu. Awape watoto wenu sauti. Wewe wa kwanza, neema ikae mkononi mwako, na mwanao akikuita usiseme subiri. Wewe Kimbelembele, riziki yako itoke mahali ambapo... mahali ambapo hukutazamia. Na wewe mdogo wangu... wewe... sina hata neno. Wanao ni hawa. Nimekupa. Walikuwa wako tangu zamani.

Imefika hapa, chini ya kifua. Haiumi.

Msinikalie hapa wote mkinitazama. Nendeni mle, hamjala tangu mfike. Mdogo wangu, wapakulie. Mlango uacheni wazi... nataka nisikie sahani... na mkizungumza, zungumzeni kwa sauti... ya kawaida... kana kwamba nimo... humo humo... mezani...